Namna ya kukagua nyumba yako ili kujua mdudu au mnyama gani anaweza kukuletea ugonjwa

Katika nyumba nyingi za Dodoma, mjusi kafiri akionekana ukutani hufukuzwa kwa ufagio mpaka atoke nje, mbuzi mchanga aliyelazwa karibu na mafiga hubembelezwa na watoto, na papasi aliyejibanza kwenye ufa wa sakafu chini ya kitanda hana hata anayemtafuta. Ukipima kwa hatari ya ugonjwa, mpangilio huo umepinduka. Mjusi kafiri hana sumu, na kosa lake kubwa ni kinyesi anachokiangusha kwenye chakula kisichofunikwa. Mbuzi ana orodha yake ya magonjwa, hasa katika mwaka wa mvua nyingi. Na papasi anaweza kumwambukiza mama mjamzito homa itakayoiua mimba.

Kwa hiyo, unapokagua nyumba, usianze kwa kuuliza ni mdudu gani anayechukiza. Uliza vimelea vya ugonjwa vitapita wapi kutoka kwake hadi mwilini mwako. Njia zilizo nyingi ni nne: kuumwa na mdudu anayenyonya damu, miguu na mate ya mdudu anayetua kwenye uchafu kisha akatua kwenye chakula au usoni, mkojo na kinyesi, na damu, maziwa au nyama ya mnyama mgonjwa. Mdudu asiye na hata njia moja kati ya hizo ni kero tu, na hastahili fedha ya dawa ambayo ingetosha kununulia chandarua.

Utahitaji tochi, kisu kisicho na makali, bakuli jeupe, glavu au mfuko wa plastiki wa kuvaa mkononi, na nusu siku isiyo na shughuli nyingine.

Anzia chini ya kitanda

Papasi ni kupe laini. Hafanani na kupe wa ng'ombe mwenye gamba gumu mgongoni. Ngozi yake imekunjamana kama mkoba wa zamani, rangi yake ni ya udongo au kijivu, na ukimtazama kwa juu humwoni kichwa, kwa sababu mdomo wake uko upande wa tumboni. Mchana hujificha ndani ya nyufa za sakafu ya udongo na sehemu ya chini ya kuta, na usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurejea ufani kabla aliyelala hajajua kitu. Ndiyo maana watu wengi wanaoumwa naye huapa kwamba nyumba yao haina kupe. Anaweza kukaa miaka bila kula, na jike aliyeambukizwa huwarithisha vimelea watoto wake kupitia mayai, kwa hiyo nyumba iliyohamwa muda mrefu si salama kwa sababu tu haikuwa na watu.

Namna ya kumpata ni hii. Sogeza kitanda, piga magoti, na kwa ncha ya kisu chokonoa udongo wa nyufa zote zilizo umbali wa hatua moja kuzunguka mahali pa kulala, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta. Mimina udongo huo kwenye bakuli jeupe, kisha uweke kando na usubiri. Nilifanya hivi katika tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, ya mama yangu mkubwa huko Mvumi, yeye akiwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Nilipomwonyesha bakuli alicheka: "Sasa mwanangu, umetoka mjini kote huko kuja kuniokotea udongo?" Hatukubishana. Tulikaa kimya kidogo, na vipande viwili vya ule udongo vikatoa miguu, vikaanza kutembea kuelekea ukingoni mwa bakuli. Mama mkubwa hakucheka tena; aliniuliza bei ya mfuko wa saruji.

Homa inayoletwa na papasi husababishwa na bakteria aitwaye Borrelia duttonii, na vijiji vya Mvumi vimechunguzwa na watafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi. Dalili yake kuu ni homa kali inayopanda kwa siku chache, ikashuka ghafla mgonjwa akadhani amepona, kisha ikarudi baada ya wiki moja au karibu na hapo, na mzunguko huo unaweza kujirudia mara kadhaa. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, ambao mimba zao zinaweza kuharibika au watoto wao wakafa mara baada ya kuzaliwa. Inatibika kwa dawa za antibayotiki za bei ya kawaida, ila dozi ya kwanza inaweza kumletea mgonjwa mtetemeko na kushuka kwa presha vimelea vinapokufa kwa wingi, kwa hiyo itolewe mbele ya mhudumu wa afya, si kwa vidonge vilivyonunuliwa duka la jirani.

Dawa ya kudumu dhidi ya papasi ni sakafu isiyo na nyufa. Kusakafia chumba cha kulala peke yake kwa saruji, kabla ya kufikiria sebule, ni matumizi mazuri zaidi kuliko chupa nyingi za dawa ya kupuliza. Kama saruji haijapatikana, shindilia sakafu, ziba nyufa na usiribe kuta upya kuanzia chini, na urudie kila zinapopasuka, kwa kuwa udongo wetu hupasuka sana kiangazi. Kitanda kiwe na miguu, kisiguse ukuta, shuka na blanketi visifike chini, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Watoto wanaolala kwenye mkeka au ngozi ndio wa kwanza kupandishwa kitandani. Na kuku watoke: papasi wa nyumbani hunyonya damu ya binadamu na ya kuku pia, kwa hiyo tenga la kuku uvunguni ni ghala la chakula chake. Najua hofu ya wezi na ya vicheche ni ya kweli, lakini banda dogo lenye mlango wa kufungwa, lililoegemezwa ukuta wa nje wa nyumba, hutosha.

Ukiwa bado umepiga magoti, angalia chaga za kitanda na mishono ya godoro. Madoa madogo meusi kama nukta za kalamu ni kinyesi cha kunguni. Hapa nitawaudhi waliopata kulala katika hosteli au nyumba za wageni wakaamka wamevimba: kunguni, pamoja na karaha yake yote, hajathibitika kuwaambukiza watu ugonjwa wowote katika maisha ya kawaida, iwe UKIMWI, iwe homa ya ini. Anawasha, ananyima usingizi, na mikwaruzo ya kucha inaweza kuota usaha. Mwue kwa maji yanayochemka kwenye chaga, jua kali kwenye godoro, na kufua nguo kwa maji ya moto. Hatari iliyo kubwa kuliko kunguni mwenyewe ni ile tabia ya kununua dawa ya pamba au ya nyanya kwenye duka la pembejeo na kuinyunyizia kwenye godoro analolalia mtoto mchanga. Usifanye hivyo hata kwa kiasi kidogo.

Chawa wa kichwani naye ni kero tu; anayebeba magonjwa ni chawa wa mwilini, yule anayeishi kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa, na huyo huondoka kwa kufua na kupiga pasi. Tekenya, ambaye wengine humwita funza, hupenda vumbi la sakafu mahali wanapolala nguruwe na mbwa. Hatari kubwa ya tekenya ni kidonda anachokiacha, kwa kuwa kidonda hicho ni mlango wa pepopunda. Atolewe kwa pini iliyochemshwa, na pini iliyotumika kwa mtu mmoja isitumike kwa mwingine.

Kagua maji uliyohifadhi

Mvua ya Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na hata mjini bomba halitoi kila siku. Kwa sababu hiyo kila nyumba ina madumu, mapipa, ndoo na tangi, na mwenyeji wa hapa akisikia kwamba maji yaliyotuama yamwagwe, huona ushauri huo umetoka kwa mtu wa Ziwa Victoria. Basi tusiyamwage. Tuyakague.

Chota maji ya juu kwa bakuli jeupe na uyatazame kwenye mwanga. Viluwiluwi vya mbu wanaoeneza malaria, wale wa Anofelesi, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Vya mbu wengine huning'inia vichwa vikiwa chini, vimeshika uso wa maji kwa mkia. Anofelesi hupenda madimbwi yenye jua, kama yale yanayobaki kwenye nyayo za ng'ombe baada ya mvua au kandokando ya mashamba ya mpunga ya Bahi, na ni nadra kumkuta ndani ya pipa. Ukikuta vinavyoning'inia ndani ya pipa la maji safi, hao huenda ni Aedesi, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Ukivikuta kwenye maji machafu ya shimo la choo au ya bafuni, hao ni Kuleksi, mbu wa usiku wanaoweza kueneza matende na mabusha.

Tofauti hiyo inabadilisha kazi utakayofanya. Chandarua hukukinga na Anofelesi na Kuleksi, lakini hakimgusi Aedesi anayekuuma saa kumi jioni ukiwa umekaa barazani. Aedesi ndiye anayeeneza dengi, ambayo iliwalaza watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani kusini mwa nchi yetu, kwa Wamakonde, mwaka 1952, na ambao jina lake limetoka kwenye lugha yao likieleza namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mabasi na malori yanayopita Dodoma kutoka Pwani hubeba abiria, na abiria aliyeambukizwa anahitaji tu kumkuta mbu wa aina hiyo ili ugonjwa uanze mtaani kwako.

Jike la Aedesi hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Ukimwaga maji na kujaza mengine bila kusugua, umeyapa mayai kile yalichokuwa yakikisubiri. Kwa hiyo, mara moja kwa wiki, chombo kinapokaribia kwisha maji, kisugue kwa brashi na sabuni kuanzia mdomoni hadi chini. Kwa dumu lenye mdomo mwembamba, tia konzi ya kokoto safi, sabuni na maji kidogo, ulitikise kwa nguvu huku ukiligeuza, umwage na usuuze. Wiki moja ni kipimo kinachofaa kwa sababu katika joto letu yai linahitaji siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu anayeruka. Pipa lisilo na mfuniko lifunikwe kwa kitambaa chepesi kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli, na tangi la juu likaguliwe mfuniko, kwani upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane una mazoea ya kuiondoa. Matairi yanayokandamiza bati yatobolewe upande wa chini, na vifuu, makopo na chupa zilizovunjika vifukiwe kabla ya Desemba.

Nzi kwenye macho ya mtoto

Kwa wilaya ya Kongwa jambo hili limechunguzwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakifuatilia vikope, yaani trakoma, katika vijiji vyake, na walichokiona ni kwamba mtoto mwenye uso uliokauka makamasi na tongotongo ndiye anayevuta nzi, na nzi anayeyapenda macho si yule mnene wa jikoni. Ni nzi mdogo zaidi, jina lake la kitaalamu Musca sorbens, ambaye hutaga mayai hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Akinywa machozi ya mtoto mmoja na kutua kwenye jicho la mwingine, hubeba bakteria miguuni. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, kope hupata makovu kwa ndani, na ukubwani nywele zake hugeukia jicho na kulikwaruza hadi linapofuka.

Ukaguzi wa nzi basi unafanywa kwenye uso wa mtoto kabla ya jalala. Keti na watoto asubuhi, hesabu ni wangapi wana nzi machoni, na uwaoshe. Uso wa mtoto unahitaji maji ya kikombe tu, na utafiti wa Kongwa ulionyesha kwamba nyuso safi hupunguza trakoma kali, kwa hiyo uhaba wa maji usiwe sababu ya kuacha. Kila mtoto awe na kitambaa chake, kwani ncha ya kanga ya mama inayofuta watoto wanne hufanya kazi ileile ya nzi. Kisha zunguka nyuma ya nyumba na uangalie kama watoto wadogo wanajisaidia ardhini. Choo cha shimo chenye mfuniko humnyima nzi huyu mahali pa kuzalia, kwa kuwa yeye hapendi kutaga ndani ya shimo. Watoto wenye kope zilizovimba, na wazee wanaong'oa nywele za kope kwa kibanio, wapelekwe kituo cha afya, kwani ipo dawa ya kumeza na upo upasuaji mdogo.

Nzi wa kawaida ana njia yake: anatoka kwenye samadi, jalala na choo, anatua kwenye ugali na kutema mate ili aulainishe, na kwa miguu hiyohiyo huacha vimelea vya kuhara. Funika chakula, samadi iondoke zizini kila wiki na itandazwe ikauke, na kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachotiririsha maji kidogokidogo, kiwe na sabuni kando ya choo.

Stoo na jikoni

Sisi wa kanda hii huweka mtama, uwele, karanga na alizeti ndani ya nyumba, na mara nyingi chumbani, na nafaka hiyo ndiyo humwita panya. Anachokiacha hakionekani kwa urahisi: mkojo. Mkojo wa panya na wa wanyama wengine huweza kubeba bakteria wa leptospira, wanaoleta ugonjwa ambao nchi nzima iliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Nao viroboto wa panya ndio waenezao tauni, ambayo ilijirudia Lushoto kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia mwaka 1980.

Weka magunia juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, ili uweze kupita na tochi. Ukikuta kinyesi cha panya, usifagie kikiwa kikavu na kuivuta ile vumbi. Kiloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya kufulia ya klorini, ukisubiri dakika chache kabla ya kufuta. Osha nafaka na uoshe sehemu ya juu ya soda ya kopo kabla ya kuweka mdomo. Ukiona panya wengi wamekufa ghafla bila mtu kutega sumu, usiwaguse na usiwape paka, kwa sababu kiroboto huuacha mzoga uliopoa na kutafuta mwili wenye joto. Toa taarifa kwa mhudumu wa afya wa mtaa au piga namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199.

Mende hutembea kutoka chooni hadi kwenye sahani, na vumbi la kinyesi na ngozi yake huamsha pumu kwa watoto. Osha vyombo kabla ya kulala na uzibe tundu la sinki usiku. Mjusi kafiri mwache aendelee kula mbu, ila ufunike sufuria.

Zizi, maziwa na kitimoto

Hapa ndipo ninapokuomba uende polepole, kwa sababu mifugo ni mali na heshima, na watu hawapendi kuambiwa kwamba mali yao inaweza kuwaua. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 zilifuatiwa, mapema mwaka 2007, na mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa, na Mkoa wa Dodoma ndio uliokuwa na wagonjwa wengi kuliko mikoa yote nchini. Zaidi ya watu 100 walifariki Tanzania, na nyama, hata ile ya mnadani, iliogopwa kwa miezi. Virusi hivyo huenezwa na mbu kati ya mifugo, lakini binadamu wengi huvipata kwa mikono: wanapochinja, wanapochuna, wanapomsaidia mbuzi kuzaa au wanapookota mimba iliyotoka.

Alama ya hatari unayoweza kuiona mwenyewe ni mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi kutupa mimba ndani ya siku chache, pamoja na vifo vya wana-mbuzi na wana-kondoo, hasa mbu wakiwa wengi baada ya mvua. Ukiiona, usichinje anayeumwa ili usipate hasara. Hiyo "nyama ya kuokoa" ndiyo iliyopeleka familia nyingi hospitali. Mwite ofisa mifugo wa kata. Kwa mimba iliyotoka, siku yoyote na mwaka wowote, vaa glavu au mifuko miwili ya plastiki, ichimbie shimo refu, uifukie mbwa wasiifikie, kisha uoge. Mjamzito asifanye kazi hiyo hata kama ndiye mwenye mbuzi. Nyama iliyoiva vizuri haina virusi hivyo. Hatari iko kwenye damu mbichi. Na mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani na kwenye tundu la haja asipasuliwe kabisa, kwa kuwa hicho kinaweza kuwa kimeta, na kumpasua hutawanya mbegu zinazodumu ardhini kwa miaka mingi.

Maziwa mabichi ni habari nyingine. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi, yaani brusela, humpata binadamu kupitia maziwa na humletea homa za vipindi, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo ambayo mtu huyabeba kwa miezi akitibiwa malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe hupita njia hiyohiyo. Wazee hushikilia kwamba mgando una nguvu yake, lakini uchachu hauui vimelea hivi kwa uhakika. Chemsha maziwa hadi yapande, yaache yapoe, kisha uyagandishe kwa kuongeza kijiko cha mgando wa jana uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa; ladha itabaki ileile.

Kuhusu nguruwe, fundi wa kitimoto akikupa nyama yenye punje nyeupe kama za mchele au shayiri, irudishe. Punje hizo ni tegu mchanga. Ukizila zikiwa hazijaiva unapata tegu tumboni, jambo linalotibika. Kubwa zaidi ni kwamba mtu mwenye tegu hutoa mayai kwenye kinyesi chake, na yeyote anayeyameza, hata asiyekula nguruwe maishani mwake, anaweza kuota malengelenge ya tegu ndani ya ubongo na kupata kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu hili karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana nalo. Familia nyingi huhangaika kwa waganga wakitafuta aliyewaroga. Mfungie nguruwe bandani, jenga choo, na upike nyama hadi isiwe na wekundu hata karibu na mfupa.

Kuku wakifa kwa kideri, binadamu hupata zaidi macho mekundu ya siku chache tu. Hata hivyo ofisa mifugo ajue, kwa sababu si kila kifo cha kuku ni kideri.

Mbwa na paka

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kifo ni karibu cha hakika, na mbwa ndiye chanzo cha karibu wagonjwa wote. Kwa hiyo hatua zote zinafanyika kabla ya dalili. Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata na mbwa wa jirani unayemfahamu, hata na punda au fisi, osha kidonda palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kutoka kwenye dumu na mwingine aoshe. Usipake pilipili, oili wala majivu. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo, na umalize dozi zote hata kidonda kikipona. Mbwa asiuawe kwa haraka. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10, kwa sababu akibaki mzima muda huo hakuwa na virusi mateni alipouma. Chanjo ya mbwa hutolewa na idara ya mifugo, na huwa kuna kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Paka mwindaji hubeba vimelea vya toksoplazma, ambavyo mjamzito anapaswa kuvikwepa kwa kutogusa kinyesi chake na kwa kunawa baada ya kulima bustani. Kinyesi kikiondolewa kila siku hatari hupungua sana, kwa kuwa vimelea huhitaji siku moja hadi tano nje ya paka kabla ya kuweza kuambukiza.

Unapofika zahanati

Homa nyingi zilizotajwa hapa hufanana na malaria kwa siku mbili tatu za kwanza, na mhudumu mwenye wagonjwa arobaini kwenye foleni ataanza na kipimo cha malaria, jambo ambalo ni sahihi. Tatizo huja kipimo kikionyesha hakuna, mgonjwa akapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuona vimelea vya papasi, lakini tone la damu kwenye kioo cha hadubini huweza kuvionyesha wakati homa iko juu. Kwa hiyo nenda ukiwa na homa, usisubiri ishuke, na useme mambo haya bila kuulizwa: unalala kwenye sakafu ya aina gani, homa imewahi kushuka na kurudi mara ngapi, mifugo yako imetupa mimba mwezi huu au la, umechinja au kuzalisha mnyama, unakunywa maziwa yasiyochemshwa au la, na umesafiri wapi. Yaandike kwenye kipande cha karatasi kama mgonjwa ni mtoto na anayempeleka ni shangazi au dada yake mkubwa asiyelala nyumba ile. Mama mjamzito mwenye homa katika nyumba ya udongo aseme neno "papasi" kabla hajakaa kwenye kiti.